Shimo la Tofali Juu ya Kanisa

Bwana Yesu apewe sifa, ndugu zangu. Nawasalimu ninyi wa Kitahana mnaonijua, ninyi mliopanda kutoka Kumsenga, na wageni wetu mliokula vumbi la barabara kutoka Kasulu hadi hapa. Amahoro, amani iwe kwenu.

Naomba mnivumilie nisome. Ushuhuda huu nimeuandika kwa sababu nikisimama bila karatasi nitaanza kuwaza kama sauti inafika nyuma, kama kuna mtu nimesahau kumshukuru, kama gauni limekaa vizuri, na mwisho nitarudi kukaa bila kusema lililonileta mbele. Naona wengine mnacheka. Shangazi yangu Jetruda, kiongozi wa akina mama hapa, husema mimi nikitumwa chumvi dukani, kabla sijafika njiani nimeshaona duka linaungua, muuzaji amelazwa, na chumvi yenyewe imekwisha nchi nzima. Siwezi kumbishia. Ninaishi kwake, ananiona kila siku.

Jina langu ni Butoyi. Hapa kwetu jina hilo halina haja ya maelezo. Pacha anayetangulia ni Bukuru, anayefuata ni Butoyi, awe wa kike au wa kiume. Kwa hiyo tangu nikiwa mdogo, kila ninayemtajia jina langu huniuliza swali moja, tena huuliza kwa furaha: "Na Bukuru yuko wapi?"

Kwa miaka mingi nilijibu, "Yuko Kasulu." Watu waliridhika. Na kweli yuko Kasulu, kwenye makaburi ya nyumbani kwetu, kijiji kisicho mbali na Kabanga.

Ndugu zangu, niwaeleze ilivyokuwa. Babu yangu aliingia nchi hii akikimbia kutoka Burundi, na baba alikulia katika nyumba za nyasi na maturubai. Alipopata uraia na kipande chake cha shamba, jambo la kwanza alilotaka ni nyumba ya tofali za kuchoma. Kwake ile haikuwa nyumba tu. Ilikuwa njia ya kuwaambia majirani, na kujiambia mwenyewe, kwamba sasa hatuhami tena. Alichimba udongo pale pale nyuma ya uwanja, kama kila mtu anavyofanya, kwa sababu tofali ni nzito na hakuna anayependa kuzibeba kutoka mbali. Alifyatua, akachoma, akajenga. Shimo likabaki. Mvua zilipokuja likajaa maji, na majirani wakafurahi kwa sababu mto uko mbali. Tulifulia pale, mbuzi walikunywa pale.

Bukuru aliteleza pale. Sikuwepo, nilikuwa nimekwenda na mama shambani. Tuliporudi tulikuta watu wamejaa uwanjani, na baba ameshaondoka naye kwa baiskeli kuelekea hospitali ya Kabanga, akiendesha kwa nguvu zake zote. Jioni tulimwona akirudi. Alikuwa akiisukuma baiskeli polepole, na mama alipoona anatembea hakusubiri aambiwe.

Msibani kila mtu alisema ni mapenzi ya Mungu. Walisema kwa upendo, na sina neno baya juu yao. Lakini mimi nilikuwa mtoto mwenye kufikiri mambo hadi mwisho, na nilijilaza usiku nikijiuliza: kama Mungu alimtaka Bukuru, atashindwaje kunitaka mimi, ambaye ni nusu ya yule yule? Tangu hapo nikaanza kuogopa. Niliogopa radi, kibatari, miti mirefu, gari lenye matairi yaliyolika. Shuleni niliitwa Bibi Tahadhari, jina lililonifuata hadi hapa. Nilipofika chuoni, Dodoma, nikachagua kusomea mazingira na maafa. Wenzangu walidhani napenda somo hilo. Ukweli ni kwamba nilitaka kujua kila kitu kinachoweza kuua mtu, nikiamini nikishajua vyote nitapata usingizi. Nilijifunza mafuriko, ukame, maporomoko, moto wa misitu, magonjwa ya mlipuko. Nikapata shahada. Usingizi sikupata.

Ajira nayo haikuja. Shangazi akaniita Kitahana, nikawa mwalimu wa kujitolea wa jiografia katika sekondari, na Jumapili nikawa ninasali hapa pamoja nanyi. Mkanipokea vizuri. Nilifika wakati mnajenga kanisa.

Wengi mnakumbuka kazi ile. Kila familia ilileta nguvu zake kwenye msaragambo, wanaume wakichimba na kufyatua, akina mama wakibeba maji. Udongo mzuri ulipatikana upande wa juu wa kiwanja, hatua chache tu kutoka ukutani, na mkachimba hapo hapo. Mvua za kwanza zilipolijaza shimo mkashangilia, kwa sababu akina mama hawakuhitaji tena kushuka mtoni na madumu. Maji ya kuchanganyia udongo yalikuwa mlangoni. Mkalipa jina, Kisima cha Neema, na Mchungaji Misago akalihubiri. Nilikuwepo siku hiyo. Nilisema amina pamoja na wote, lakini jicho lilikuwa linapima hatua kutoka shimo hadi ukutani.

Kuta zilisimama, bati likapanda, tukaanza kuabudu ndani tukingojea siku ya kuweka wakfu. Saruji ilipatikana ya kutosha msingi wa mbele tu. Tofali zilizobaki zilijengewa udongo, kama nyumba nyingi za hapa. Watoto wa shule ya Jumapili walipewa mabenchi ya upande wa juu, kwenye ukuta ulio karibu na shimo, kwa sababu huko hakuna dirisha na hawawezi kuchungulia nje wakati wa mahubiri.

Mvua za msimu wa pili zilipoanza, nikaona chini ya ukuta ule kuna unyevu. Wiki iliyofuata unyevu ukawa umepanda. Kisha nikaona ufa unaopita kwenye viungo vya tofali kama ngazi, na mlango mdogo wa upande ule ukaanza kukwama chini. Nikajua kinachotokea. Shimo lipo juu, kanisa lipo chini, na maji yaliyotulia hayatulii kweli, yanatafuta njia ndani ya ardhi. Njia ilikuwa inapita chini ya mabenchi ya watoto.

Nilikwenda kwenye kikao cha kamati ya ujenzi. Hapo ndipo nilipoharibu, si kwa nia mbaya, ni kwa kuongea kama nilivyofundishwa kuongea. Nilianza na mzunguko wa maji. Nikaeleza aina za majanga, ya asili na yale yanayoletwa na binadamu. Nikasema kwamba mvua yenyewe si janga, janga ni mvua inapokutana na kitu tulichokiweka vibaya. Yote yalikuwa kweli. Nilipoinua macho, wajumbe wawili walikuwa wamesinzia.

Fundi Gwasa, aliyesimamia ujenzi bila malipo, alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema taratibu, "Mwalimu, hizi tofali zimechomwa. Tofali iliyochomwa hata ukiiloweka mwaka mzima, inatoka tofali."

Watu wakacheka. Nikasema tuondoe maji kwenye shimo. Hapo shangazi yangu akageuka kunitazama.

"Unataka tumwage maji?"

"Nataka yashuke, shangazi."

"Yashuke yaende wapi? Wewe umewahi kubeba dumu kutoka mtoni siku ya msaragambo, na mtoto mgongoni?"

"Sina mtoto, shangazi."

"Ndiyo maana una muda wa kukagua kuta."

Kikao kikaisha. Mzee mmoja wa kanisa akaniambia kwa upole kwamba imani yangu inasumbuliwa na roho ya hofu, na Jumapili nikaitwa mbele. Nikapiga magoti, mkaniwekea mikono, mkaomba kwa bidii. Ndugu zangu, niliitaka sana ile sala ijibiwe. Nilitamani kusimama nikiwa mwepesi kama wengine. Nilisimama, nikaelekea mahali pangu, na jicho likaenda lenyewe kwenye ufa. Ulikuwa umepanda hadi kwenye lenta, juu ya mlango.

Kipindi kile ndicho kigumu kuliko vyote nilivyopitia baada ya kufiwa na Bukuru. Nilijiona sina imani. Nilijiambia, mwenye imani angekaa chini ya ukuta ule akaimba. Kisha nilijiambia, kama ukuta utaanguka na nilijua, nitaishije? Kisha tena, kama hautaanguka, nitakuwa nimewasumbua watu wa Mungu bure. Nilizunguka hapo mchana kutwa nikiwa darasani, wanafunzi wakinikumbusha mahali nilipoishia.

Likizo fupi ilipofika nikaenda Kasulu kumwona mama. Nilimkuta uwanjani akichambua maharage kwenye ungo. Nikakaa kando yake, nikamsaidia, na nyuma ya nyumba nikaona migomba imestawi mahali palipokuwa shimo. Nimeiona migomba ile maisha yangu yote. Siku hiyo tu ndipo nikauliza.

"Mama, lile shimo alilifukia nani?"

"Nani mwingine? Mimi."

"Peke yako?"

"Baba yako hakuweza hata kulitazama. Majirani waliniambia niliache, maji yanawasaidia, na yaliyotokea ni mapenzi ya Mungu." Akapuliza makapi. "Nikawaambia, Mungu hakuchimba hapa. Tulichimba sisi. Kila asubuhi kabla ya kwenda shambani nilimwaga vikapu vya udongo, hadi likajaa."

"Na hukuwa unaogopa kusogea pale?"

Mama akanitazama kama mtu anayeulizwa jambo la ajabu. "Niliogopa sana, mwana wanje, mwanangu. Nilikuwa nimebakiwa na wewe. Nisingeogopa, ningelifukia kwa nini?"

Akarudi kwenye maharage yake. Kwake mazungumzo yalikuwa yameisha. Kwangu, ndugu zangu, kuna mlango ulifunguka pale. Miaka yote nilidhani mama ni mtu asiyeogopa, na kwamba mimi ndiye niliyezaliwa na kasoro. Kumbe alikuwa na hofu ile ile, ila yeye aliipa jembe.

Siku ya kurudi huku kwetu Kibondo niliomba sala fupi kuliko zote nilizowahi kuomba. Nilisema, Bwana, leo siombi uniondolee hofu. Nionyeshe pa kuipeleka ikafanye kazi. Amina. Nikajikuta nimelala njia nzima hadi Kibondo mjini, mimi ambaye kwenye gari huwa nasikiliza breki.

Nilipofika sikwenda kwenye kamati. Nilikwenda kwa Mchungaji Misago nyumbani kwake, na safari hii sikutaja mzunguko wa maji. Nilimwambia kuhusu Bukuru. Nilimwambia alizama kwenye shimo la tofali, na kwamba sasa naona watoto wa kanisa wamekaa chini ya shimo jingine. Nikamwomba watoto wahamie upande wa pili. Nikamwomba tuchimbe mfereji wa kushusha maji. Na nikamwomba tukubaliane alama moja, ambayo mtu yeyote akiona maji ndani ya kanisa aitoe, na watu wote watoke bila kuuliza.

Kisha akaniambia jambo ambalo ameniruhusu kulisema hapa. Alisema wakati wa utoto wake, kule Burundi katika miaka mibaya, mama yake alikuwa na neno moja. Akilitamka, watoto wote wanatoka nje na kuingia kwenye migomba, hawaulizi, hawachukui hata shuka. "Mara nyingi hakukuwa na lolote," alisema. "Tulikaa kwenye umande, tukarudi tukalala. Nasi tulikuwa tunamnung'unikia." Akacheka kidogo. "Ila tuko hai, tunanung'unika hadi leo."

Akachagua ngoma ya kwaya iwe alama. Ikipigwa peke yake, bila wimbo, watu watoke kwa mlango wa chini. Jumapili ile tulifanya zoezi. Watoto waliona ni mchezo wakaomba turudie. Watu wazima walitoka wakitaniana, na mtu mmoja akaita ngoma ile "kengele ya Butoyi". Sikujali. Watoto walikuwa wamehamishwa mabenchi.

Mfereji ndio uliokuwa na ugomvi, na ugomvi ulikuwa na shangazi. Tulibishana jikoni, yeye akisonga ugali. Alisema akina mama hawatamwelewa. Nikamwambia maji hayatapotea, yatakwenda chini. Akasimamisha mwiko.

"Chini wapi?"

"Upande wa chini, kupita kanisa. Popote."

"Sasa kama ni popote, si tuchimbe shimo dogo kule chini, yakae huko? Maji yale yale. Shida yako ni maji, au ni mahali yalipo?"

"Mahali yalipo, shangazi."

"Ungesema hivyo kwenye kikao tusingelala." Akaendelea kusonga. "Na tulizungushie miti. Sitaki kusikia mtoto ameteleza."

Nilikuwa sijawahi kumsikia shangazi akizungumza juu ya Bukuru. Hata siku hiyo hakumtaja. Lakini alikuwa mtoto wa kaka yake, na nadhani alikuwepo pale jikoni na sisi.

Mfereji ulianza vizuri. Vijana walijitolea, Fundi Gwasa akaja na kamba yake ya kupimia mteremko, ingawa alisema anakuja kwa ajili ya amani tu. Tulifika katikati tukakuta mwamba. Kabla hatujapata nyundo kubwa, mvua ikaja, ile ya kunyesha usiku na kuendelea mchana, na shimo la juu likajaa hadi ukingoni.

Jumapili hiyo tulikuwa ndani. Mchungaji alikuwa katika maombi, watu wamefumba macho. Mimi nilikuwa nimefumba pia, nakuhakikishieni, kwa sababu nilikuwa nimechoka kutazama ukuta. Nikasikia ngoma. Haikuwa na wimbo. Nikafumbua macho, nikamwona shangazi Jetruda amesimama penye vyombo vya kwaya, fimbo ya ngoma mkononi, viatu vyake ameviacha alipokuwa ameketi. Maji yalikuwa yametokea sakafuni yakalowesha miguu yake.

Tukatoka. Watoto walitangulia, kwa sababu wao zoezi walilichukulia kwa uzito kuliko sisi. Tukasimama kwenye mvua na vitenge vya Jumapili, tukiutazama ukuta. Ukuta ukatutazama. Haukutikisika.

"Umesimama imara kuliko sisi," mtu mmoja alisema.

"Butoyi ametubatiza wote leo, hata waliobatizwa," akasema mwingine, na watu wakacheka huku baridi ikiwatafuna.

Mchungaji alifunga ibada kwa sala fupi pale pale nje, akatangaza kwamba jengo limefungwa hadi hali ya ukuta ijulikane. Shangazi akafunga mlango, ufunguo akaufunga kwenye ncha ya khanga yake.

Ndugu zangu, mtu akisikia ushuhuda huwa anadhani sehemu ngumu ni mvua. Kwangu sehemu ngumu ilikuwa jua. Kesho yake mbingu ilitakata, na siku zilizofuata zikawa kavu na nzuri. Ukuta ulianza kukauka. Fundi Gwasa aliusukuma kwa kiganja kutoka nje, ukamjibu kama ukuta wowote. Siku ya kuweka wakfu ilikuwa imekaribia, wageni wamealikwa kutoka Kasulu, na kwaya ya watoto ilikuwa haijashika wimbo wake. Mwalimu wa kwaya alikuja nyumbani mara kwa mara kuomba funguo. Alikuja kwa adabu, na hoja yake ilikuwa nzuri: hakuna mvua, hakuna maji, ukuta umesimama.

Nami nikaanza kuyumba. Niliwaza, labda nilikosea. Labda watoto wataimba vibaya mbele ya wageni kwa sababu ya woga wangu. Nilijua kutoka masomoni kwamba udongo uliolowa na kukauka unaweza kuachia baadaye, lakini kujua jambo darasani na kulisimamia mbele ya watu waliolowa kwa ajili yako ni vitu viwili. Siku ya Alhamisi, mwalimu wa kwaya alipokuja tena, mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka kusema, basi mpe. Shangazi akanitangulia.

"Kanisa nililifunga mimi," alisema. "Butoyi hana funguo. Wapeleke watoto uwanja wa shule, wimbo hauchagui bati."

"Mama Jetruda, hata wewe sasa umekuwa Bibi Tahadhari?"

"Miguu iliyolowa ilikuwa yangu, au yako?"

Mwalimu wa kwaya akaenda na watoto shuleni. Nami nikaenda nao, nikasimama pembeni ya uwanja. Jua lilikuwa linawaka, hakuna upepo. Watoto walikuwa wanarudia ubeti ule ule wanaokosea siku zote. Ndipo tukasikia mlio kama lori linapomwaga mawe, halafu kimya, halafu mbwa.

Tulipofika vumbi lilikuwa bado limesimama hewani. Ukuta wa juu ulikuwa umelala ndani ya kanisa, wote, kutoka kona hadi kona. Bati la upande ule lilikuwa linaning'inia kwenye kenchi. Mabenchi ya upande ule, yale ya watoto ya zamani na yale ya kwaya yaliyokuwa kona ya mbele, hayakuonekana tena, yalikuwa chini ya tofali. Ilikuwa saa ya mazoezi.

Akina mama walifika wakikimbia kutoka mashambani. Hakuna aliyepiga kelele. Kila mmoja alikuwa akitafuta wake, akimgusa kichwa, kisha akigusa na cha jirani. Wote walikuwepo. Mwalimu wa kwaya alikaa chini kwenye nyasi, akafunika uso.

Fundi Gwasa alikuja akiwa na kandambili mguu mmoja. Aliingia hadi kwenye kifusi kabla hatujamzuia, akaokota tofali, akaifuta kwa mkono. Ilikuwa nzima, haina hata ufa. Akaniletea.

"Tofali iko nzima, mwalimu," alisema. "Kilichozishika ndicho kimeondoka."

Nilimwambia tu, asante kwa kuja na kamba ya mfereji.

Watu walisema Mungu ametenda muujiza. Nami nasema hivyo hivyo, na nitasema hadi nife. Lakini naomba tuutazame muujiza wenyewe vizuri, tusiupite haraka. Mungu hakuushika ukuta. Uliangukia pale pale ambapo maji yalikuwa yanauelekeza. Alichofanya ni kumpa mchungaji kumbukumbu ya mama yake, kumpa shangazi miguu iliyolowa na moyo wa kutojali kuchekwa, kuwapa watoto utii. Na kwangu alichukua kitu nilichokuwa nakionea aibu maisha yangu yote akakifanya kifae. Mliniombea niondolewe hofu. Nawashukuru. Sala yenu ilijibiwa, ila jibu lilipitia Kasulu kwanza, kwa mwanamke mwenye ungo wa maharage.

Mnaona mahali tulipo leo. Tumekaa chini ya maturubai, na nyuma yangu kuna msingi mpya, umepanda kidogo tu. Kabla ya tofali ya kwanza kuwekwa, mfereji ulimalizwa na mwamba ukavunjwa. Shimo la juu tulilifukia kwa msaragambo, na nadhani haijawahi kutokea hapa Kitahana watu kuimba wakifukia kisima. Maji yako chini, yamezungushiwa miti, na mlango wake mdogo ufunguo anao shangazi. Mnamjua, hatoi.

Bado naogopa. Leo asubuhi nimezunguka maturubai haya nikikagua kamba, wengine mliniona. Usingizi, hata hivyo, napata. Zamani hofu ilikuwa inazunguka ndani yangu usiku ikikosa mahali pa kushuka, kama yale maji. Sasa ina mfereji.

Namalizia, ndugu zangu. Wageni wetu wengine mmenisalimia leo kwa mara ya kwanza, na nilipowatajia jina mmeniuliza lile swali. Sikuwajibu kama zamani. Niliwajibu kama ninavyomjibu kila mtu siku hizi, na wengine mlishtuka, mnisamehe. Nawaambia: Bukuru alizama kwenye shimo la tofali nyuma ya nyumba yetu, tukiwa wadogo. Kisha nami nauliza, na kwenu shimo liko wapi?

Wengi mkawa mnalitafuta kichwani. Lipo. Karibu kila nyumba ya tofali inalo.

Mtumainini Bwana, ndugu zangu, kwa mioyo yenu yote. Mkishafika nyumbani, kabla ya kuketi kula, piteni nyuma ya nyumba mkaliangalie. Kama mtahitaji mtu wa kushika jembe la pili, niiteni. Nitakuja, na ninajua mama yangu naye atakuja.

Ashukuriwe yeye aliyetuhifadhia watoto wetu. Amina.